Modeli ya boti ya gurudumu la nyuma: mota ya waipa, ya drili au yenye giabox?

#1 Fundi wa Igoma

Wakuu, salaam. Niko Mwanza, natengeneza modeli ya zile meli za gurudumu la nyuma zilizokuwa zikifanya kazi Ziwa Kyoga kule Uganda, kina Speke, Stanley na Grant. Kipimo ni 1 kwa 30, plaiwudi ya milimita 3, urefu sentimita 110, upana 22, uzito kilo 6 na ushee ikiwa na betri. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 14 na vibao 12. Betri ni seli za 18650 (za lithiamu, kama za ndani ya laptop), volti 11.1.

Bodi (mwili wa boti) imekamilika, imebaki mota. Kwenye skrepa mota ya waipa ya gari naipata kwa bei ya kutupa. Hoja yangu ni hii: gurudumu la makafi halitaki kasi, linataka nguvu kwenye mzunguko wa polepole, na waipa imeundwa kwa kazi hiyo hiyo. Gia imo ndani, torki (nguvu ya kuzungusha) imejaa, volti ni 12. Kwa nini basi karibu kila ninayemuuliza ananiambia nitafute mota ya 775 (ya brashi, ya kasi kubwa, isiyo na gia) nifunge mkanda? Anayeipinga waipa alete sababu.

#2 Mtaa wa Luthuli

Waipa itazungusha gurudumu, hilo halina ubishi. Lakini iweke kwenye mizani kwanza. Nyingi zinafika kilo moja au kupita, na boti yako nzima ni kilo sita. Uzito huo utaukalisha tezini (mwisho wa nyuma wa boti), mahali ambapo tayari umetundika gurudumu.

Chukua mota yenye giabox ya duara ya milimita 37, volti 12, mizunguko 200 kwa dakika. Uzito wake ni kama robo kilo, shafti milimita 6. Hapa Nairobi maduka ya elektroniki yanazo tele, na Kariakoo pia hazikosekani. Ilaze ikitazama ubavuni, puli mbili, mkanda wenye meno mpaka kwenye shafti ya gurudumu. Umemaliza.

#3 Mzee wa Pantoni

Kijana wa Igoma, usitishwe na mizani. Waipa nimezifunga kwenye modeli za watu hapa Kigamboni na zinatembea. Mota si lazima ikae tezini. Ilete katikati, mwendo upeleke nyuma kwa cheni au mkanda. Hata meli zenyewe za aina hiyo boila iliwekwa mbele na injini nyuma ili meli isikae kwa makalio.

Ila yapo mambo mawili ambayo mwenye skrepa hatakwambia. Kwanza, waipa nyingi waya hasi umeshikana na bodi ya mota. Ukigeuza umeme ili boti irudi nyuma, bodi nzima inakuwa chanya. Ikiwa imefungwa kwenye chuma kinachogusa waya mwingine, utasikia harufu. Ikalishe juu ya mpira na skrubu zake zipitishe kwenye vipande vya plastiki. Pili, ndani zina brashi tatu, ya tatu ni ya ile kasi kubwa. Kurudi nyuma tumia waya wa kasi ndogo peke yake. Ule waya wa kuegesha waipa uache, hauna kazi kwako.

#4 Dada Torki

Mmeshaanza kupima uzito wa mota, na hakuna aliyeuliza gurudumu linatakiwa kuzunguka mara ngapi kwa dakika. Hilo ndilo la kwanza. Fundi, meli halisi ilikwenda kwa mwendo gani?

#5 Wa Jinja

Naomba nichangie kwa sababu hayo ni maji ya kwetu. Chukulieni kilomita 15 kwa saa, ni makisio ya haki kwa meli ya aina ile. Gawanya kwa 30, unapata nusu kilomita kwa saa. Hapo hata waipa kwa kasi yake ndogo ya mizunguko 45 inazidi mahitaji.

Na kwa wasiojua kwa nini gurudumu liliwekwa nyuma: Kyoga ni ziwa la kina kifupi, hakifiki mita 6, na lina mafunjo na majani yanayoelea kila upande. Panga (propela) la chini ya maji lingenaswa kila safari. Gurudumu linakaa juu, kazi yake inafanyika sentimita chache chini ya uso wa maji, na likinasa majani mtu anayaona na kuyatoa. Meli zilipakia pamba na abiria Namasagali, mwisho wa Reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja, zikavuka mpaka Masindi Port.

#6 Dada Torki

> Gawanya kwa 30, unapata nusu kilomita kwa saa.

Hapana, ndugu yangu. Ukigawanya hivyo boti itaonekana imekwama. Mwendo wa modeli unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipimo, kwa sababu mawimbi ambayo bodi inayatengeneza yanafuata kanuni ya mhandisi wa meli William Froude: mwendo ukilinganishwa na kipeuo cha urefu. Modeli ikienda kwa mwendo huo, wimbi la mbele na la nyuma yanakaa mahali pale pale yanapokaa kwenye meli kubwa, na jicho linakubali.

Kipeuo cha 30 ni 5.48. Kilomita 15 kwa saa ni karibu mita 4.2 kwa sekunde. Gawanya, unapata kama mita 0.75 kwa sekunde. Hiyo ni nusu ya mwendo wa mtu anayetembea, na ndiyo inayopendeza.

Sasa gurudumu. Kipenyo cha nje ni 14, lakini kipimo cha kufanyia kazi ni katikati ya kibao, tuseme 12. Mzingo wake ni sentimita 37.7. Kafi haling'ang'anii maji kwa asilimia mia, linateleza. Weka mteleza wa asilimia 30. Basi kibao kitembee mita 1.07 kwa sekunde, ambayo ni karibu mizunguko 170 kwa dakika.

Waipa kwa kasi yake kubwa ni mizunguko 65 hivi. Itakupa sentimita 29 kwa sekunde, kilomita moja kwa saa. Itatembea, lakini upepo wa Ziwa Victoria ukija wa mbele, boti itasimama au itarudi.

#7 Mtaa wa Luthuli

Asante Dada Torki. Na mota ya 200 ikibeba mzigo inashuka hadi 160 au 170. Ndiyo ile ile niliyoitaja.

#8 Mzee wa Pantoni

Binti yangu hesabu zako nimezikubali, lakini hazijaua waipa. Puli kubwa iwe kwenye mota, ndogo kwenye gurudumu, uwiano 2.5 kwa 1. Mizunguko 65 inakuwa 162. Torki inapungua kwa kiasi hicho hicho, na waipa ina torki ya kugawa.

#9 Katwe Chuma

Ninyi wote mnazunguka. Hapa Kampala drili za betri zilizokufa zinauzwa kwa kilo. Betri ndiyo hufa, mota na giabox vinabaki vizima. Ndani kuna mota ya 550 na gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya kati) zenye meno ya chuma, nguvu yake ni ya kutoboa mlango. Gia ya kwanza hutoa kama mizunguko 400 kwa volti 18. Ukiipa volti 7.4 inakuja karibu 160, pale pale anapotaka Dada.

Kufungua chaki (kichwa kinachoshika biti): tanua meno yake, ndani kuna skrubu moja, nayo imekatwa kinyume. Wengi wanaivunja kwa kuifungua upande wa kawaida. Ikitoka hiyo, chaki yenyewe inafunguka kawaida.

#10 Mtaa wa Luthuli

Katwe, drili ikizunguka bure tu, bila mzigo wowote, inakula ampea moja hadi mbili. Mota yangu yenye giabox ikisukuma boti inakula chini ya hapo. Kwa betri ya Fundi hiyo ni tofauti ya saa nzima majini. Na kelele! Gia za drili ndani ya boti ya plaiwudi zinalia kama mashine ya kusaga unga, kwa sababu bodi ni boksi tupu na sauti inakua humo. Meli ya mvuke ilikuwa inapumua taratibu, hailii.

#11 Katwe Chuma

Kelele inategemea fundi. Kata kipande cha tairi la ndani, kalisha mota juu yake, na hatua ya mwisho iwe mkanda, si gia kwa gia. Kelele nyingi inafia kwenye mpira.

#12 Binti Mkunazini

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, kaka yangu ana mota za droni zisizo na brashi, hazina kazi. Nnasikia ndizo bora kuliko zote kwa sasa. Haziwezi kufungwa moja kwa moja kwenye gurudumu bila ya gia?

#13 Dada Torki

Wa alaykum salaam. Mota za droni zinapenda kasi, maelfu ya mizunguko. Kidhibiti chake cha kawaida kinajua sumaku iko wapi kwa kusoma umeme unaozalishwa na mota yenyewe ikizunguka. Kwa mzunguko wa polepole umeme huo ni mdogo mno, kidhibiti kinabahatisha, mota inatikisika na kugoma kuanza, hasa gurudumu likiwa limeshazama majini. Zipo zenye vihisi vya sumaku ndani, hizo zinaanza vizuri hata kwa mwendo wa konokono, lakini bei yake na ya kidhibiti chake ni habari nyingine. Kwa boti inayohitaji wati tatu au nne, mota ya brashi yenye giabox inashinda.

#14 Binti Mkunazini

Wati tatu tu? Taa ya chumbani kwangu inakula zaidi.

#15 Dada Torki

Kweli kabisa. Tuseme kwa mwendo ule boti ya kilo sita inataka kusukumwa kwa nguvu ya gramu 150 hivi. Zidisha kwa mita 0.75 kwa sekunde, ni wati moja na kidogo. Gurudumu linapoteza zaidi ya nusu kwa kurusha na kuinua maji, giabox na mkanda vinakula chao. Unaishia wati tatu, nne, kwa volti 11 ni ampea 0.3 au 0.4. Ndiyo maana nasema watu wananunua mota kubwa mno. Wanasoma torki ya kukwama (mota ikiwa imeshikwa isizunguke) iliyoandikwa kwenye tangazo wakati waliyopaswa kuisoma ni torki ya kazi.

#16 Mwana Kindu

Jambo wote. Mimi niko Kindu, Kongo. Masua za gurudumu la nyuma zilipita sana kwenye mto huu wetu, kwa kipande cha Kindu mpaka Ubundu, na ngine chini, Kisangani kwenda Kinshasa. Ninauliza: kwa nini hakuna anayesema juu ya vyuma vya pembeni? Masua halisi haikuwa na mkanda. Ilikuwa na mikono miwili mirefu, mmoja kila upande, inaenda na kurudi na kuzungusha gurudumu. Modeli yenye mkanda inaonekana uongo.

#17 Fundi wa Igoma

Mwana Kindu umenigusa penyewe. Mikono nataka iwepo. Swali ni kama iwe inasukuma kweli au iwe inafuata tu.

#18 Mzee wa Pantoni

Ifuate. Mkanda ubebe mzigo, mikono ipambe.

#19 Mwana Kindu

Isukume. Mota inazungusha shafti ya ndani yenye kriki mbili (kama vyuma vinavyoshika pedali za baiskeli), na kriki za pande mbili zipishane kwa nyuzi 90. Mkono mmoja ukifika mwisho na kukosa nguvu, mwingine uko katikati ya kazi yake, gurudumu halikwami. Mafundi wa zamani ndivyo walifanya kwenye masua na kwenye garimoshi pia.

#20 Mtaa wa Luthuli

Nyuzi 90 ni lazima, ukikosea hata nyuzi chache kati ya kriki za ndani na za gurudumu, mikono inabana mara mbili kila mzunguko na ampea zinapanda. Toboa kriki zote nne zikiwa zimebanwa pamoja, ndipo urefu utakuwa sawa. Na matundu ya mikono yaache na uhuru kidogo.

#21 Bahari Leeds

Habari za nyumbani. Niko Uingereza, hapa vilabu vya modeli vinakutana kwenye mabwawa ya bustani kila wiki na boti za magurudumu ni nyingi. Wengi wao wanajenga za magurudumu ya ubavuni, kwa mfano Waverley, meli iliyoshushwa majini Glasgow mwaka 1946 na bado inabeba abiria kwa mvuke. Hapo swali la mota linabadilika: mota moja au mbili?

Waverley halisi ina shafti moja, magurudumu yote yanazunguka pamoja na usukani ndio unaogeuza. Usukani wa boti ya ubavuni ni mvivu kwa sababu maji ya magurudumu hayapiti juu yake. Kwa hiyo wenye modeli wengi wanafunga mota mbili, kila gurudumu na lake, boti inageuka papo hapo.

#22 Katwe Chuma

Mbili basi, nani atakataa?

#23 Bahari Leeds

Wapo wanaokataa, na wana hoja. Kwenye meli za abiria za Uingereza magurudumu ya kujitegemea hayakuruhusiwa, kwa ajili ya usalama: moja likienda mbele na jingine nyuma, meli inalala ubavu, na abiria wakikimbilia upande mmoja gurudumu la upande huo linazama zaidi. Boti za kuvuta meli nyingine ndizo zilizoruhusiwa. Jeshi la maji lilijenga saba za aina ya Director mwishoni mwa miaka ya 1950, dizeli inazalisha umeme, umeme unaendesha mota za magurudumu. Yaani boti za magurudumu za umeme zilikuwepo kweli, kubwa. Mlingoti wake ulikunjwa ili ziingie chini ya ubavu wa meli za kubeba ndege.

Kwa modeli nyembamba yenye nyumba ndefu juu, mota mbili zikipingana ghafla inakwenda mrama vibaya. Ukizifunga, weka kikomo kwenye rimoti.

Na kitu kingine kwa wenye vidhibiti viwili: vyote viwili vinapeleka volti 5 kwenye risiva. Chomoa waya mwekundu wa kimoja, visigombane.

#24 Fundi wa Igoma

Shukrani wote. Nimenunua ya Luthuli, giabox ya milimita 37, mizunguko 200, mkanda uwiano 1 kwa 1. (Mzee usikasirike, waipa nimeiweka kwa ajili ya boti nyingine.) Nimejaribu Kirumba asubuhi kabla ya upepo.

Gurudumu likizunguka hewani inakula ampea 0.2. Majini, rimoti ikiwa nusu, ni 0.5, boti inakwenda kwa raha na mikono inapendeza. Tatizo linaanza hapo. Kutoka nusu hadi mwisho wa rimoti ampea zinapanda hadi 1.2, maji yanarushwa nyuma kama mita moja, na mwendo hauongezeki. Ukiangalia ufukweni huoni tofauti yoyote. Nini kinaendelea?

#25 Mzee wa Pantoni

Vibao 12 kwa gurudumu la sentimita 14 ni vingi. Kibao kinaingia kabla maji hayajarudi pale mwenzake alipoyatoa. Kikikuta povu kitashika nini? Toa kimoja, ruka kimoja, baki na sita.

#26 Mtaa wa Luthuli

Sita ni vichache, boti itaruka kwa mapigo na mikono yako utaiona inatetemeka. Nane. Lakini sidhani ni idadi. Nauliza kina: kibao cha chini kabisa kimezama kiasi gani?

#27 Fundi wa Igoma

Kibao kina upana wa sentimita 2. Ukingo wake wa juu uko sentimita 1.5 chini ya maji.

#28 Mtaa wa Luthuli

Hilo hapo. Umezamisha mno. Ukingo wa juu uwe chini ya maji kidogo tu, milimita tatu nne. Kwa kina chako kibao kinaingia kikilala na kupiga maji kofi, kinatoka kikiwa kimebeba maji juu. Nusu ya umeme wako unainua ziwa.

#29 Dada Torki

Kina nakubali kinachangia, lakini hakielezi kwa nini nusu ya kwanza ya rimoti ni nzuri na nusu ya pili ni bure. Kibao kilichozama sana kingekuwa kibaya kwa kasi zote. Mimi naona ni kasi ya gurudumu lenyewe. Torki inayotakiwa inapanda kwa mraba wa kasi na wati kwa mchemraba, na kupita kiwango fulani kibao kinavuta hewa kutoka juu. Kuanzia hapo kinasukuma mchanganyiko wa maji na hewa.

#30 Wa Jinja

Labda bodi imefika mwisho wake? Kila bodi ina kikomo cha mwendo kulingana na urefu, nilisoma humu humu kwenye uzi wa ngalawa.

#31 Dada Torki

Kikomo kipo, ila si hapa. Kwa mita, zidisha kipeuo cha urefu wa majini kwa 1.25. Boti ya mita 1.05 majini ni karibu mita 1.28 kwa sekunde. Fundi hata 0.75 sidhani kama amefika. Fundi, pima: weka vijiti viwili ufukweni mita 5 mbali na saa ya simu.

#32 Bahari Leeds

Tezi lako limekatwa wima? Ukiongeza mwendo, nyuma ya tezi la wima maji yanashuka kabla ya kupanda tena. Gurudumu likiwa karibu sana na tezi linajikuta kwenye shimo hilo. Wajenzi wa meli hizi walilisogeza nyuma kidogo na kupandisha sakafu ya tezi kwa mteremko ili maji yafike kwenye gurudumu bila kukatika. Hilo linaeleza kwa nini polepole ni sawa na haraka ni mbaya, na halihusiani na mota.

#33 Katwe Chuma

Au mota ni ndogo! Ingekuwa drili...

#34 Mtaa wa Luthuli

Katwe, mota inazungusha gurudumu hadi maji yanaruka mita moja. Udogo wake uko wapi? Ukimpa drili maji yatafika Bugando.

#35 Katwe Chuma

Haha. Lakini hajatwambia kama mizunguko inapanda kweli au maji yanaruka tu. Betri zikiwa za laptop iliyochoka, volti zinaanguka kwenye mzigo. Aweke mita kwenye betri rimoti ikiwa mwisho.

#36 Mzee wa Pantoni

Hapo Katwe kanena. Na kidhibiti ni kipi? Kama ni ile bodi ya L298N yenye kipoza joto cheusi, inakula volti mbili peke yake na ampea mbili ni mwisho wake.

#37 Fundi wa Igoma

Ni hiyo hiyo L298N. Ilikuwa ya moto lakini inashikika. Betri kwenye mzigo ni 10.9, haijaanguka. Tezi ni wima, gurudumu liko sentimita 1 nyuma yake.

#38 Bahari Leeds

Sentimita 1! Mimi nimesema.

#39 Mtaa wa Luthuli

Na kina sentimita 1.5, nami nimesema. Pandisha beringi kwanza, ni kazi ya dakika kumi. Kusogeza gurudumu ni kujenga mikono mipya.

#40 Mwana Kindu

Kwetu wazee waliofanya kwenye masua wanasema, wakati mzigo unapunguka na masua inapanda, walikuwa wanabadilisha mahali pa vibao, wanavifunga chini zaidi ao juu zaidi kwenye mikono ya gurudumu (spoki zake). Fundi, toboa matundu matatu kwa kila mkono wa gurudumu, utaweza kujaribu kina bila kugusa beringi.

#41 Fundi wa Igoma

Hili la matundu nalichukua leo.

#42 Wa Jinja

Kwa nini usitengeneze vibao vinavyojigeuza? Vinaingia wima, vinatoka wima, hakuna kofi wala kuinua maji. Elijah Galloway alipata hataza yake tangu 1829.

#43 Bahari Leeds

Waverley ndivyo ilivyo. Ni nzuri, lakini kwa gurudumu la sentimita 14 utahitaji viungo vidogo vingi na kila kimoja kina msuguano. Isitoshe meli nyingi za gurudumu la nyuma za mitoni zilikuwa na vibao vya kudumu kwa makusudi: gogo likivipiga, seremala anabadilisha ubao na safari inaendelea.

#44 Kijana wa Posta

Samahani kuingilia. Si mngefunga panga tu chini, gurudumu liwe pambo? Uingereza ilishathibitisha mwaka 1845, Rattler yenye panga iliivuta Alecto yenye magurudumu kinyumenyume. Mjadala uliisha pale.

#45 Dada Torki

Haukuisha. Siku ile Rattler ilikuwa inatoa nguvu kubwa zaidi kuliko Alecto, na jeshi la maji lilikuwa limeshaamua kuagiza meli za panga kabla ya kuvutana. Lilikuwa onyesho. Meli za Kyoga zilijengwa miongo mingi baadaye kwa gurudumu, na waliozijenga walijua panga ni nini.

#46 Otieno wa Dunga

Kijana wa Posta, lete panga lako hapa Kisumu wakati gugu maji limejaa ufuoni tuone litazunguka kwa muda gani. Mimi boti yangu ya panga nimeivuta kwa kamba zaidi ya ilivyojiendesha yenyewe. Ndio maana nafuatilia huu uzi.

Swali kwa Luthuli: gurudumu likinaswa na gugu maji hadi likwame kabisa, giabox yako itavunjika meno?

#47 Mtaa wa Luthuli

Ikibaki imekwama huku umeshikilia rimoti, meno ya giabox ndiyo yatakayokwenda, au mota iungue. Ndiyo sababu napenda mkanda laini usiokazwa sana, uruke meno kabla ya gia kuvunjika. Na fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa betri.

#48 Mzee wa Pantoni

Waipa ikikwama haivunjiki upesi. Nimewaachia.

#49 Katwe Chuma

Drili ina klachi ya kuteleza pale mbele, ile pete yenye namba. Ndiyo kazi yake.

#50 Dada Torki

Katwe, kwa hilo la klachi nakupa haki yako, sikuwa nimeliona.

#51 Fundi wa Igoma

Nimerudi. Nimepandisha vibao kwa matundu ya Mwana Kindu, ukingo wa juu sasa uko milimita 5 chini ya maji. Vijiti vya Dada Torki: kabla, mita 5 kwa sekunde 9, sasa sekunde 8. Ampea mwisho wa rimoti zimeshuka hadi 0.8. Lakini bado kutoka robo tatu hadi mwisho hakuna nyongeza, na povu lipo.

#52 Mtaa wa Luthuli

Kina kimerudisha theluthi ya umeme. Hesabuni.

#53 Bahari Leeds

Na robo ya mwisho iliyobaki ni tezi. Bandika kipande cha plastiki chini ya tezi kama ulimi wa mteremko kuelekea gurudumu, jaribu bila kuvunja kitu.

#54 Mzee wa Pantoni

Toa vile vibao sita kwanza. Haigharimu hata plastiki.

#55 Dada Torki

Mita 5 kwa sekunde 8 ni 0.63 kwa sekunde. Fundi, usitoe vibao na kubandika ulimi siku moja, hatutajua kipi kimefanya kazi. Na hesabu mizunguko: paka kibao kimoja rangi nyeupe, piga video ya simu, uhesabu kwa sekunde kumi. Kwa kuwa umepandisha vibao, kipenyo cha katikati ya kibao sasa ni 10. Kama ni 160 na unapata 0.63, mteleza wako ni asilimia 25, uko karibu na kawaida ya gurudumu la aina hii na hakuna ugonjwa mkubwa. Kama ni 190, basi ubishi wenu wote unaendelea.

#56 Otieno wa Dunga

Ukihesabu weka video hapa. Na hiyo L298N, utaibadilisha na BTS7960 (kidhibiti cha ampea nyingi zaidi) ama inatosha?

#57 Fundi wa Igoma

Kwa ampea 0.8 naiacha. Rangi nimepaka, inakauka. Naanza na vibao vya Mzee.